Unga Uliovuka Msimbazi

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili mtu asije akanivika sifa zisizo zangu. Naogopa mbwa, naogopa radi, naogopa lifti, na mume wangu Polycarp amenicheka kwa hayo tangu tukiwa wachumba kule Kibosho. "Mama Joyce," huniambia, "wewe sufuria ikianguka jikoni unasali rozari nzima." Ni kweli, nasali. Lakini wiki ile ya amri ya kutotoka nje Kariakoo yote iliogopa, na kwa mara ya kwanza maishani nikawa na wenzangu.

Tunauza nafaka kwa jumla mtaa wa Narung'ombe. Duka na stoo viko chini, sisi tunaishi ghorofa ya tatu, na kibaraza chetu kinatazama barabara. Hapo kibarazani ndipo nilipouona mwanzo wa mambo: vijana wengi wakitokea Mnazi Mmoja, wameshika matawi ya mwarobaini waliyoyavunja hukohuko, wanaimba na kuyapunga. Baadaye nikasikia milio ya risasi, nikaingia chini ya meza. Kesho yake wakaja askari na magari makubwa, na gari la matangazo likapita likisema watu wakae ndani kuanzia jioni. Kisha likapita tena likisema mitaa yetu ikae ndani hata mchana.

Wewe uliyewahi kufika Kariakoo, jaribu kuifikiria ikiwa kimya. Hakuna anayenadi, hakuna muziki, hakuna honi. Nilisikia njiwa wakitembea juu ya bati la jirani. Kimya kile kilinitisha kuliko milio, maana mlio angalau unajua umetoka upande gani.

Katika stoo yetu alikuwamo Awadhi. Awadhi ni msukuma mkokoteni, mtu wa Lindi, amebeba magunia yetu tangu hajaota ndevu. Amri ilimkuta kwetu akishusha mchele, tukamzuia asitoke, akawa analala juu ya magunia. Mke wake Zamzam na watoto wao watatu walikuwa ng'ambo ya barabara ya Msimbazi, upande wa Mchikichini, kwenye nyumba ya vyumba vingi wanamopanga wasukuma mikokoteni na mama lishe. Zamzam mwenyewe ni mama lishe. Watu wa nyumba ile ni wa kijungu jiko, kinachopatikana asubuhi ndicho kinacholiwa jioni, hakuna mwenye gunia la akiba chini ya kitanda. Siku ya kawaida, kutoka kwetu hadi kwao hata jasho halikutoki.

Intaneti ilikuwa imezimwa lakini simu za kupiga ziliingia kwa kubahatisha. Mchana mmoja Zamzam akapiga, na Awadhi akaweka sauti kubwa ili sote tusikie.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mnaendeleaje huko?"

"Tupo tu, mama. Unga uliisha juzi. Jana tumechemsha maembe mabichi ya uwani. Leo nimewapa watoto maji yenye chumvi. Huyu mdogo halii tena, mama. Jana alikuwa analia."

Nilitamani asingesema lile la kutolia. Nimelea watoto, najua mtoto anayeacha kulilia chakula amefika wapi.

Simu ikakatika. Awadhi akasimama, akaanza kufunga kamba za viatu vyake.

"Mama, mi naenda. Nipe hata kilo tano tu. Nitapita vichochoroni. Njaa haina baunsa."

"Kaa chini," alisema Polycarp. "Maduka yamevunjwa wiki hii, Awadhi. Kijana peke yake, unga begani, askari ataona nini? Ataona mwizi. Hatakuuliza mara mbili."

"Sasa nifanyeje, mzee? Wafe?"

"Unga uende na mwenyewe. Mwenye mali akiwa pembeni, mali si ya wizi."

"Mwenye mali ni nani?" niliuliza, na nikajuta kabla sijamaliza. Wote wawili walikuwa wananitazama. Miaka yote najigamba mbele ya wateja kwamba duka ni langu, na kwamba Polycarp ni mtu wa kufungua milango na kuifunga tu. Ulimi uliponza kichwa.

Katika jengo letu habari hupenya ukutani. Kabla hata sijakubali, Tarsis, muuza maharage wa ghorofa ya pili, alikuwa ameshateremsha nusu gunia, na Mama Jacqueline wa vitenge ameleta dumu la mafuta na sukari, akaniambia Mungu atanilipa. Nilimwambia kama anaamini hivyo aende yeye. Mwenyekiti wa mtaa akampigia simu ofisa mmoja anayefahamiana naye, na baada ya muda jibu likarudi: ruksa imetoka, tuondoke saa tisa alasiri na saa kumi na moja tuwe tumerudi. Tutembee katikati ya barabara tuonekane. Tuwe na kitambaa cheupe. Tusikimbie kwa sababu yoyote.

"Kwa sababu yoyote," mwenyekiti alirudia kwenye simu. "Hata mkisikia nini."

Niliingia chooni, nikatoka, nikarudi tena. Nilisali, nikasahau nimefika wapi, nikaanza upya. Polycarp na Awadhi walikuwa chini wanapakia mkokoteni, nawasikia wanavyoulizana kwa utulivu gunia lipi likae mbele, kama vile tunapeleka mzigo kwa mteja. Nikatoka kibarazani kuvuta hewa, na pale, kwenye kopo la rangi, nikaona isale langu.

Asiyetoka kwetu nitamweleza. Isale ni mmea wa majani marefu membamba, kijani kibichi, tunaupanda mipakani na makaburini. Mtu akimkosea mwenzake, hata kama kosa ni la kumwaga damu, akishika jani la isale akamwendea kuomba msamaha, yule hana ruhusa ya kumkatalia. Aliyeshika isale hapigwi. Si hadithi ya kusimuliwa, nimeona kwa macho yangu: babu yangu alilishika mbele ya watu waliokuja na mapanga kwa ajili ya shamba, na mapanga yakashuka. Hili la kibarazani nililitoa Kibosho mwenyewe, Krismasi moja, likasafiri kwenye basi miguuni mwangu kama mtoto.

Nikakata jani moja. Nikashuka nalo, nikampa Polycarp.

"Na kitambaa?" aliniuliza.

"Kitambaa kitafungwa kwenye mkokoteni. Hili shika mkononi."

"Mama Joyce, hawa askari watajua isale ni nini?"

"Shika kwa ajili yangu. Bila hivyo mimi sitoki."

Akalishika. Awadhi alilitazama, akasema, "Kama ni dawa, mama, sawa." Nikamwambia si dawa, ni zaidi ya dawa. Hivyo ndivyo tulivyotoka, saa tisa kamili, jua kali, mimi kushoto kwa mkokoteni, mume wangu kulia na jani lake, Awadhi nyuma anasukuma.

Sikuwahi kujua mtaa wetu ni mpana hivyo. Siku zote uko chini ya meza za wamachinga na miguu ya watu, hata lami huioni. Sasa lami yote ilikuwa wazi, nyanya zilizokanyagwa zimeozea palepale, na kila mlango wa duka umefungwa. Gurudumu moja lilikuwa linalia, na kilio chake kilijibiwa na kuta za pande zote mbili. Pazia likasogea huku, likasogea kule. Tulikuwa tunaangaliwa, lakini hakuna aliyetoa sauti.

Tulipofika njia panda ya kwanza, Awadhi akapuliza kwa meno, "Sss! Pisha, pisha!" kama anavyofanya siku zote kwenye kona. Kisha akasimama, ameshtuka mwenyewe.

"Unampisha nani?" Polycarp alimuuliza, na wakacheka kidogo. Mimi sikucheka. Mbele yetu, kando ya mtaro, nilikuwa nimeona mguu wa mtu.

Nikapiga yowe, nikaliziba kwa mkono. Mguu ulikuwa mweupe, umenyooka, hauna kiatu.

"Mama, ni sanamu ya nguo," Awadhi aliniambia. "Ile ya kuvalisha magauni. Imeanguka tu."

Nilijua amesema kweli na bado nilipita mbali nayo. Kutoka hapo nikaanza kutembea nimemshika Polycarp shati nyuma, na yeye akaniacha nimshike.

Msimbazi ndipo kizuizi kilipokuwa. Waliweka magogo na vyuma kwenye njia ya mwendokasi, na askari walikuwa kivulini mwa kituo, wengine wamekaa, wengine wamesimama. Tulikuwa bado mbali sauti ilipotoka.

"Simama!"

Tulisimama. Lakini mkokoteni wenye mzigo hausimami kwa neno moja. Ulijivuta mbele na bunduki zikainuka. Awadhi aliulalia kwa mwili wake wote, visigino vikikwaruza lami, akiguna, "Unasimama, afande, unasimama!" Ukasimama. Sikuwa nimepumua.

Mkubwa wao akaja, mtu wa makamo, macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Nyie ndio wa unga?"

"Ndio, afande."

"Mwenye unga?"

"Mimi," nilisema. Ilibidi nirudie, mara ya kwanza hakusikia.

Akauliza duka liko wapi, unga unakwenda nyumba gani, kijana ni nani. Nikajibu. Akachoma magunia kwa kijiti, akanusa mafuta. Nilimwona anataka yaishe, ana joto, ana usingizi, amepewa taarifa zetu na zimelingana. Akainua mkono atupungie tupite.

"Afande," alisema askari mmoja kijana nyuma yake. "Huyu mzee ana tawi."

Hapo ndipo nilipoona. Nasema ukweli, mpaka wakati ule sikuwa nimeona. Nilikuwa nimesimama kibarazani kwangu nikawatazama wale vijana wa Mnazi Mmoja na majani yao mabichi mikononi, kisha nikaingia ndani, nikakata jani bichi, nikamshikisha mume wangu, nikamtoa barabarani mbele ya watu waliotumwa kuwatafuta wenye majani.

"Si tawi, mwanangu," Polycarp alisema. "Ni isale. Kwetu ni jani la amani."

"Amani?" Yule kijana alikuwa ameshafika. "Hata wenzako juzi walikuwa wanaimba amani."

Akampiga kofi. Mume wangu ana miaka sitini na mitano, na sijawahi kuona mtu akimpiga. Kofia ikamtoka.

"Nimempa mimi!" nilipiga kelele. "Afande, jani nimelikata mimi, yeye hakutaka! Yeye alisema hamtajua!"

"Mama, nyamaza," alisema mkubwa. "Mzee, piga magoti. Weka mikono kichwani."

Polycarp akapiga magoti juu ya lami ya moto. Mkubwa akaokota lile jani, akaligeuzageuza, akatazama barabara kushoto na kulia kama anayetafuta wa kumuuliza. Nilimwona naye anaogopa. Anaogopa akimwachia mzee mwenye tawi ataulizwa, na hofu ya mtu mwenye bunduki ni mbaya kuliko hasira yake.

"Mzee atabaki mpaka nipate maelekezo," alisema. "Unga upite. Haraka."

"Siendi popote," nilisema. "Nitabaki na mume wangu."

"Basi unga urudi."

Nikasema urudi. Ndiyo, nilisema. Nilimgeukia Awadhi nimwambie ageuze, na Awadhi alikuwa ameshika mipini ya mkokoteni anatazama ng'ambo ya barabara, kule ambako mtu akipaza sauti mkewe angeweza kumsikia. Kwa kitambo kidogo nilimchukia Zamzam na watoto wake wote watatu.

"Mama Joyce," Polycarp aliita, mikono kichwani, bila kugeuka. "Nenda. Wewe ukibaki, Awadhi ataenda peke yake, na unajua hatafika."

Alilisema kama anavyoniambia nisisahau kufunga stoo. Nilifungua kitambaa cheupe kilichofungwa mbele ya mkokoteni, nikakishika, nikaanza kutembea, na Awadhi akasukuma. Tulipita katikati ya vyuma. Kila hatua nilingoja kusikia jambo nyuma yangu. Tulikuwa tumeambiwa tusikimbie, na miguu yangu ilitaka kukimbia pande mbili kwa wakati mmoja.

Ng'ambo ya pili mtaa ulikuwa mwembamba, nyumba za chini, madirisha yamezibwa kwa magodoro. Awadhi alibisha mlango wa nyumba yao kwa kucha. Kimya. Akabisha tena. Ndani kuliacha hata kupumua. Siku ile aliyebisha mlango hakuwa mgeni wa kukaribishwa, na Awadhi hakuthubutu kupiga hodi. Akainama kwenye tundu la komeo, akaita jina la mwanawe mdogo, polepole, mara nyingi, kama anambembeleza alale.

Mlango ukafunguka. Zamzam alikuwa amekonda uso mzima. Hakupiga kigelegele wala hakulia. Alimvuta mumewe kwa shati, akanivuta mimi, na watu wakamiminika kutoka vyumbani bila kelele, wanawake, wazee, wakabeba magunia yale kama mchwa na kuyaingiza ndani kabla hatujakaa. Mkokoteni wakauinamisha wakaupitisha ubavu. Mtu mmoja tayari alikuwa anapuliza mkaa uwani.

"Karibu mama, kaa hapa," Zamzam alisema, akinifutia kigoda. "Tunasonga sasa hivi, maji hayo yako jikoni. Huwezi kuondoka hujatia kitu mdomoni." Kisha akatazama mlangoni nyuma yangu. "Baba Joyce yuko wapi?"

Kabla sijajibu ukasikika mlio. Mmoja tu, kutoka upande wa Msimbazi.

Wote walilala chini. Mimi nilibaki nimesimama. Siwezi kueleza kilichopita ndani yangu, ila masikio yaliziba. Nilimwona Zamzam anasema jambo na simsikii. Mtoto wake mdogo alikuwa mgongoni, kichwa kimelala bega moja, macho wazi, ananitazama.

"Narudi," nilisema.

"Mama, narudi na wewe," Awadhi alisema.

"Wewe kaa na wanao."

"Mama, huwezi kwenda mwenyewe..."

"Awadhi, nimeacha mume wangu barabarani ili ufike kwa watoto wako. Ukitoka tena hapa nitakuwa nimemwacha bure. Kaa!"

Nilimkaripia kama ninavyomkaripia akipasua gunia. Akakaa. Nilitoka, na nilisikia komeo likirudishwa nyuma yangu taratibu.

Nilitembea katikati ya barabara, kitambaa mkononi. Nilikuwa nasali lakini nilikuwa nimesahau maneno yote isipokuwa "sasa na saa ya kufa kwetu", nikawa narudia hayohayo. Nilipotokea Msimbazi niliangalia mahali nilipomwacha.

Hapakuwa na kitu. Ningeona damu ningejua nilie. Ningeona kofia yake ningejua pa kuanzia kuuliza. Lami ilikuwa safi kama imefagiliwa, na chini ya kivuli cha kituo walikuwa wamekaa askari wengine kabisa, sura ngeni zote.

"Mama, unatoka wapi? Hujui amri?"

"Nina ruksa. Mume wangu alikuwa hapa. Mzee. Alipiga magoti hapa."

"Ruksa ya nani?"

"Ya wale waliokuwepo."

"Wale wameondoka. Sisi hatujaambiwa ruksa wala mzee. Nenda nyumbani."

"Nimesikia mlio."

Wakatazamana. "Nenda nyumbani, mama," alisema mmoja, safari hii kwa sauti ya chini, na sauti ile ya chini ndiyo iliyonimaliza.

Watu wa jengo letu wanaisimulia sehemu hii vingine. Wanasema Mama Joyce aliketi katikati ya Msimbazi kuwagomea askari. Si kweli. Miguu ilikataa. Nilitaka kwenda nyumbani, nilitaka kutii, na magoti yakakunjika, nikajikuta nimekaa kwenye lami. Lakini nilipokwisha kukaa niligundua kuwa sitaweza kuinuka bila Polycarp kunishika mkono, kwa hiyo nikasema lililokuwepo.

"Sinyanyuki. Niambieni mmempeleka wapi."

"Mama, inuka."

"Siwezi."

"Inuka, tutakuumiza!"

"Najua. Naogopa sana. Lakini siwezi."

Askari akakoki bunduki. Nilifumba macho, nikajikunyata, nikalia kwa sauti kama mtoto, na katikati ya kilio changu nikawa naita jina lake, "Polycarp! Polycarp!" Sijawahi kumwita hivyo mbele za watu, ni Baba Joyce siku zote. Juu yangu dirisha likafunguka. Nikafumbua macho. Likafunguka la pili, kisha la ghorofa ya jirani, kisha mengine mpaka ule upande mwingine wa barabara. Watu walisimama madirishani na hakuna aliyesema neno. Walitazama tu.

Wale askari waliinua vichwa, wakazunguka, wakaangalia madirisha. Aliyekoki akashusha mtutu kidogo. Mwingine akachukua redio, akaenda nyuma ya kituo, nikamsikia anasema, "Ndiyo, mzee mmoja... mkewe yuko hapa... hapana, watu wanaangalia."

Nilikaa. Jua lilihama likanipiga usoni. Saa kumi na moja ilikuwa inakaribia, na baada ya hapo hata ile ruksa ambayo hakuna aliyeijua ingekuwa imekwisha. Ndipo gari dogo likaja kutoka upande wa Fire, kwenye kituo cha zimamoto, likasimama mbali kidogo na kizuizi, mlango wa nyuma ukafunguliwa, akashushwa mtu.

Alikuwa yeye. Midomo imevimba, jicho moja limefumba, anatembea kwa kuvuta mguu. Nilikuwa nimeshamwandalia maneno mengi, mengine ya matusi, kwa kukubali kwake kila ninachomwambia, kwa kushika jani la mwanamke mjinga. Nikainuka. Sijui miguu iliyoinuka ilikuwa ya nani. Alipofika karibu nikaona suruali yake, ile ya kitambaa cha kijivu aliyoipiga pasi mwenyewe asubuhi, imelowa mbele mpaka magotini.

Polycarp, aliyenicheka maisha yangu yote kwa uoga. Alisimama mbele yangu, madirisha yale yote juu yetu, akajaribu kuziba kwa mikono.

Nilifungua kitenge nilichojifunga juu ya gauni, nikamzungushia kiunoni, nikamfunga vizuri, fundo mbele, kama mama anayetoka kuoga. Hakuna aliyecheka, chini wala juu.

"Wamekula?" aliniuliza. Sauti haikuwa yake.

"Niliacha maji ya ugali yako jikoni."

Akafikiri. "Basi sasa hivi watakuwa wanakula," alisema, akalia. Nikamshika mkono, tukaanza kurudi Narung'ombe katikati ya barabara, polepole, maana tulikuwa tumekatazwa kukimbia.